Hela ya Matumizi kwa Kripto: Mwongozo wa Mzazi Asiye na Habari

Mwongozo huu ni wa mzazi mwenye kijana wa miaka 13 hadi 17 ambaye mpaka juzi alikuwa akiomba elfu tano ya matumizi, na sasa anaomba arushiwe "hata dola tano tu za USDT". Kama ombi hilo halikukushtua, huenda wewe na mwanao mko kwenye kundi moja la Telegram, na mwongozo huu umekuchelewa. Kama lilikushtua ukajibu "tutaongea jioni" huku ukiwaza nani wa kumuuliza, umefika.

Tumeuandika kwa hatua, kwa sababu mambo ya kripto yakielezwa bila hatua humchosha mtu hata kabla hajapoteza chochote. Mzazi atakayezifuata zote kwa uaminifu atamwona mwanawe, kabla muhula haujaisha, akiwa amejifunza mengi kuhusu fedha. Ada ya mafunzo hayo imo ndani ya fedha yenyewe.

Mahitaji

Andaa simu janja yenye nafasi ya kutosha, bando lisilokata katikati ya muamala, kitambulisho chako cha taifa, uso wako mwenyewe (utaambiwa uugeuze kushoto na kulia mbele ya kamera), kalamu ya wino, karatasi, na mahali pa kuificha karatasi hiyo ambapo hakuna mtu wa nyumbani anayefanya usafi wa Jumamosi.

Kama kijana yuko shule ya bweni, ongeza kitu kimoja: simu yake. Shule nyingi za bweni zimepiga marufuku simu, na kripto haiwekwi kwa matroni. Kwa hiyo utachagua mojawapo: umpe fedha asiyoweza kuigusa hadi likizo, au umpe fedha pamoja na kosa la kinidhamu. Wazazi waangalifu huchagua la kwanza, na wiki ya pili hupigiwa simu na mwalimu wa zamu kuambiwa kuwa mtoto hana hata sabuni.

Hatua ya kwanza: Chagua sarafu

Sarafu ziko maelfu. Kwa matumizi ya nyumbani inatosha kuzigawa katika koo nne.

Ukoo wa kwanza ni Bitcoin, mkubwa wao wote. Ilianza Januari 2009, ikaasisiwa na mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto, ambao hadi leo hawajajulikana kwa hakika. Zitakazotengenezwa hazitazidi milioni 21, na kila moja inagawanyika katika vipande milioni 100, hivyo usiogope: mwanao anaweza kununua kipande cha kumtosha. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu dola 16,000. Desemba 2024 ikavuka dola 100,000. Bei ya andazi haijawahi kufanya hivyo, na ndiyo maana watoto wa leo huona maandazi hayana msisimko.

Ukoo wa pili ni wa sarafu thabiti, ambazo thamani yake imefungwa kwenye dola ya Marekani. USDT ndiyo inayojulikana zaidi kwetu. Kijana akikuambia kwamba hii haina hatari kwa sababu haipandi wala haishuki, mpongeze kwa utulivu wake, kisha mwulize anahitaji dola ili anunue nini Tandika. Pia mkumbushe kwamba neno "thabiti" huandikwa na muuzaji. TerraUSD nayo ilikuwa thabiti hadi Mei 2022, ilipoporomoka pamoja na dada yake Luna, na kwa siku chache zikayeyuka takriban dola bilioni 40 za watu waliokuwa wametafuta mahali salama.

Ukoo wa tatu ni wa sarafu za mzaha. Mzaha ulianza Desemba 2013, wahandisi wawili walipotengeneza Dogecoin yenye picha ya mbwa wa Kijapani ili kuwacheka wenye tamaa. Wenye tamaa wakainunua. Tangu hapo mzaha umekuwa biashara kamili, na leo kutengeneza sarafu yako mwenyewe ni kazi ya dakika chache. Novemba 2024 mvulana wa Marekani, aliyeripotiwa kuwa na miaka 13, aliunda sarafu yake mtandaoni huku watu wakimtazama moja kwa moja, akasubiri wainunue, akauza fungu lake lote na kuondoka na takriban dola 30,000, huku akiwaonyesha watazamaji kidole. Waliobaki na sarafu walikuwa wanunuzi. Kisa hiki kinathibitisha kwamba kijana anaweza kutajirika kwa kripto, mradi awe upande wa pili wa meza.

Ukoo wa nne ndio utakaokutana nao kwanza: sarafu ambayo kaka yake rafiki wa mwanao anaijua. Hii haiko kwenye orodha yoyote. Ina kundi lenye mwenyekiti aliyepiga picha ameegemea gari, ina "ngazi", na ina faida inayoongezeka ukileta watu wawili. Watanzania wenye kumbukumbu watalikumbuka jina DECI, ambako maelfu "walipanda mbegu" wakisubiri mavuno, hadi serikali ilipoingilia mwaka 2009. Mbegu ni ile ile. Kilichobadilika ni shamba, na sasa lina programu ya simu.

Hatua ya pili: Inunue

Hapa mzazi hujifunza jambo ambalo kijana hakulitaja. Masoko makubwa ya kripto humtaka mteja awe ametimiza miaka 18, na huthibitisha kwa kitambulisho na sura. Mwanao hana kitambulisho. Wewe unacho. Kwa hiyo akaunti itakuwa na jina lako, namba yako ya NIDA na uso wako uliogeuka kushoto na kulia, wakati nenosiri litakuwa kichwani mwa mtoto wa kidato cha pili. Mgawanyo wa majukumu ni rahisi kukariri: akipata, kapata yeye, wakija kuuliza hela zilitoka wapi, watakuuliza wewe.

Baada ya kusajiliwa, njia ya kawaida ya kununua ni ya mtu kwa mtu. Unatafuta ndani ya soko mtu usiyemfahamu anayeuza USDT, unamtumia shilingi kwa simu, unabonyeza kitufe cha "nimelipa", kisha unasubiri soko liiachilie sarafu aliyoiweka rehani. Mara nyingi huenda sawa. Zingatia tu masharti mawili. La kwanza, muuzaji akikuomba mmalizane nje ya soko "ili tuokoe makato", jua kwamba yanayookolewa si makato. La pili, siku mwanao atakapokuwa yeye ndiye muuzaji, asiamini ujumbe wa malipo aliotumiwa kama picha. Afungue salio lake mwenyewe aangalie. Ujumbe wa muamala uliohaririwa ni sanaa inayokua kwa kasi kuliko muziki wa singeli.

Sasa piga hesabu ya safari. Shilingi zinatoka kwako kwa makato ya kutuma. Muuzaji anauza dola kwa bei iliyo juu kidogo ya ile anayonunulia. Kuitoa sarafu sokoni kwenda kwenye pochi ya kidijitali ya kijana kuna ada ya mtandao. Ijumaa kijana ana njaa, na muuza chipsi hapokei USDT, kwa hiyo sarafu inarudi sokoni, inauzwa kwa bei ya chini kidogo, shilingi zinaingia kwenye simu, zinatolewa kwa wakala kwa makato mengine, na hatimaye zinafika kwenye chipsi. Umbali kutoka mfukoni mwako hadi kwa muuza chipsi, ambao zamani ulikuwa mita mia mbili, sasa unazunguka dunia na kila kituo kina mlinzi wa kulipwa. Wahenga walishamaliza: cha mlevi huliwa na mgema.

Hatua ya tatu: Ifiche

Pochi ya kidijitali isiyo chini ya soko lolote hulindwa kwa maneno, kwa kawaida 12 au 24, yaliyochaguliwa kutoka kwenye orodha ya maneno 2,048. Orodha inayotumika zaidi ni ya Kiingereza. Mwanao atatakiwa kuyaandika maneno hayo kwa tahajia sahihi na kwa mpangilio sahihi, kazi ambayo mwalimu wake wa Kiingereza amekuwa akiijaribu tangu kidato cha kwanza.

Mwenye maneno ndiye mwenye mali. Hakuna tawi la kwenda, hakuna namba ya huduma kwa wateja, hakuna meneja anayemjua shemeji yako. Ukituma pesa ya simu kwa namba isiyo yako, unaweza kuipigia kampuni na pengine ukaokolewa. Ukituma Bitcoin kwa anwani isiyo yako, umetoa sadaka, na thawabu zake hazina risiti.

Usidhani haya huwapata wazembe pekee. Stefan Thomas, mtaalamu wa kompyuta, alihifadhi funguo za Bitcoin 7,002 kwenye kifaa kinachoruhusu kubahatisha nenosiri mara 10 tu, akapoteza karatasi alimoliandika. Habari zake zilipoenea mwaka 2021 alikuwa amebakiza mara mbili. James Howells wa Newport, Wales, mwaka 2013 alipoteza diski yenye takriban Bitcoin 8,000 iliyoishia kwenye dampo la mji. Akaomba kwa miaka mingi aruhusiwe kulichimba, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikaitupilia mbali kesi yake. Hao ni watu wazima wenye kazi zao. Wewe unazungumzia mtoto aliyepoteza sweta mbili za shule na chupa ya maji ndani ya muhula mmoja.

Na kanuni moja isiyo na mzaha ndani yake: yeyote anayeomba maneno hayo ni mwizi. Awe amejitambulisha kama ofisa wa soko, fundi, msanii maarufu au kaka yake rafiki yake. Hakuna sababu halali ya kuyaomba. Mwanao akikumbuka sentensi hii tu katika mwongozo mzima, hujapoteza muda.

Hatua ya nne: Sasa aitumie

Kama kuna hatua ambayo waandishi wengi wa miongozo ya kripto huiruka, ni hii. Sisi hatutairuka, kwa sababu ulimpa hela ya matumizi.

Mei 22, 2010, huko Florida, Laszlo Hanyecz alinunua piza mbili kwa Bitcoin 10,000. Wakati ule zilikuwa na thamani ya takriban dola 41, bei isiyo mbaya kwa piza mbili. Ndiyo manunuzi mashuhuri kuliko yote katika historia ya Bitcoin, na kila mwaka tarehe hiyo husherehekewa. Ukizipigia hesabu kwa bei ya dola 100,000, zile piza zilikuwa dola bilioni moja. Hanyecz mwenyewe amesema hajutii. Alitaka kula, akala. Lakini mwulize mwanao anamwonaje. Atamwonea huruma. Hapo ndipo tatizo lote lilipo: hii ni fedha ambayo mtu wa kwanza kuitumia ndiye anayechekwa.

Kijana mwenye busara ya kripto hatumii. Anashikilia. Kila mkate, kila nauli, kila daftari analolinunua ni piza ya Hanyecz inayomsubiri siku za usoni. Kwa hiyo atakuja kwako kuomba nauli ya daladala ya shilingi, huku "mali" yake imetulia kwenye simu, na atakueleza kwa upole kwamba si wakati mzuri wa kuuza. Utakuwa umempa hela ya matumizi mara mbili, na moja kati yake hairuhusiwi kutumika.

Usifikiri ni ugeni wetu. El Salvador iliifanya Bitcoin kuwa fedha halali kuanzia Septemba 7, 2021, ikatengeneza pochi ya serikali na kumwekea kila raia aliyejisajili dola 30 za Bitcoin. Watu wengi walizichukua zile dola 30, wakazitumia, na wakaishia hapo. Januari 2025, baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, bunge lilibadili sheria ili mfanyabiashara asilazimike tena kuipokea. Kama rais mwenye shauku, pochi ya taifa na dola 30 za bure havikuwashawishi watu kununulia mkate, punguza matarajio yako kwa muuza miwa wa kituo cha daladala.

Pia kuna suala la saa. Muamala wa Bitcoin wa kawaida huingia kwenye daftari la pamoja kwa wastani wa kila dakika 10, na anayepokea kwa uangalifu husubiri zaidi ya mara moja. Mapumziko ya saa nne hayajapangwa kwa kuzingatia hilo. Ada nayo hubadilika kwa msongamano: Aprili 20, 2024, wastani wa ada ya muamala mmoja ulipita dola 100. Haki isemwe: ziko njia za pembeni zilizo za haraka na za senti chache, kama ile iitwayo Lightning, na Kibera, Nairobi, wako wauzaji wadogo na waendesha bodaboda wanaopokea Bitcoin kupitia mradi wa AfriBit Africa. Mwanao akikutajia Kibera, usibishe. Mwambie tu kwamba wale wanapokea kwa kazi waliyoifanya, nawe uko tayari kumlipa kwa njia hiyo hiyo akishaosha gari.

Hatua ya tano: Fuatilia bei

Hela ya kawaida mtu huihesabu mara moja, akishaiweka mfukoni. Hii itahesabiwa saa kumi na moja alfajiri, kati ya kipindi cha Fizikia na cha Jiografia, chooni, na katikati ya sala ya chakula. Soko la kripto halifungwi Jumapili wala Idi. Usimkaripie kijana anayekesha na simu. Anaangalia nauli yake ya kesho imefikia wapi.

Mfundishe hesabu moja, kwa maana wenye programu hawatamfundisha. Ulimpa shilingi 20,000. Zikashuka kwa asilimia 50, akabaki na 10,000. Wiki iliyofuata zikapanda kwa asilimia 50, akapiga kelele sebuleni kwamba amerudishiwa. Mwache apige kelele, kisha mpe kikokotoo. Ana 15,000. Ili arudi kwenye 20,000 alihitaji kupanda kwa asilimia 100. Asilimia za kushuka na za kupanda zimefanana jina tu. Somo hili lipo kwenye kitabu chake cha Hisabati, ambacho kiligharimu kidogo kuliko alichopoteza.

Hatua ya sita: Vya bure

Mwanao atakuambia kwamba si lazima ununue, kwa sababu kuna vinavyogawiwa bure. Ni kweli. Mwaka 2024 mamilioni ya vijana duniani, wa kwetu wakiwemo, walikuwa wakigusagusa picha ya panya kwenye Telegram katika mchezo wa Hamster Kombat, usiku na mchana, wakikusanya alama zilizoahidiwa kugeuka sarafu. Septemba 26, 2024 zikageuka. Sarafu ilianza kuuzwa kwa takriban senti moja ya dola, na ndani ya wiki chache ilikuwa chini ya nusu ya hapo. Kuna vijana waliogusa skrini kwa miezi wakapata hela ya kununulia bando waliloligusia. Wengi hawakulifikia hata hilo.

Kenya walikutana na cha bure cha aina nyingine. Katikati ya mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na mashine ya Worldcoin, wakapewa sarafu zilizoweza kuuzwa kwa takriban shilingi 7,000 za huko. Agosti 2, 2023 serikali ikasimamisha zoezi hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zilizokusanywa zifutwe. Kwa waliokuwa na njaa, shilingi 7,000 zilikuwa shilingi 7,000, na hatuna mdomo wa kuwacheka. Lakini kijana mwenye chakula nyumbani afundishwe kuuliza, kabla ya kupokea, ni kitu gani alichonacho ambacho mtoaji anakitaka. Akikosa jibu, jibu ni yeye mwenyewe.

Sheria na kodi, kwa kifupi

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kwamba fedha halali nchini ni shilingi, na kwamba biashara ya sarafu hizi hairuhusiwi. Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa na ujio wake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kwa mpangilio huo, mwanao atakuwa anashughulika na kitu kilichokatazwa, kikatakiwa kiandaliwe, kikatozwa kodi. Kenya walianza na kodi ya asilimia 3 mwaka 2023, wakaifuta mwaka 2025 na kuweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za miamala, na mwaka huo huo wakapitisha sheria ya kuwasimamia watoa huduma. Popote ulipo, kumbuka akaunti ina uso wa nani.

Maswali ya wazazi

*Si vizuri mtoto aijue teknolojia mapema?* Ni vizuri sana, na haigharimu shilingi. Daftari la Bitcoin liko wazi kwa kila mtu. Mwambie atafute ukurasa wake wa kwanza kabisa, wa Januari 3, 2009, aone kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London kuhusu serikali kuokoa mabenki kilichofichwa humo, kisha akueleze kwa nini mtu angekiweka pale. Akiweza kueleza, ana kipaji. Akikuuliza "sasa hapo napata shilingi ngapi?", umejua alichokuwa anapenda.

*Shangazi yake yuko Muscat anataka kumtumia zawadi. Tutumie kripto?* Hapa kripto ina hoja, kwa sababu kutuma fedha nje ya mipaka kuna makato yanayouma. Shangazi akutumie wewe kama anaona ni nafuu, nawe ubadilishe. Kijana apokee shilingi na asalimie kwa simu.

*Wenzake wote wanazo.* Mwombe majina matatu na salio la kila mmoja. Utapata jina moja, la kaka yake rafiki yake.

*Na akipata faida je?* Hili ndilo la kuogopa kuliko yote. Mtoto aliyepoteza hurudi kwako kuomba nauli. Aliyepata huja kukushauri. Kijana aliyeona 20,000 ikawa 80,000 ndani ya wiki ataitazama mishahara ya walimu wake, ataitazama yako, na atafikia uamuzi ambao hakuna mtihani wa taifa utakaoubadilisha hadi wiki bei itakaposhuka. Wiki hiyo itafika. Haitafika kwa tarehe inayokufaa.

*Kwani hela ya matumizi kazi yake ni nini hasa?* Kuisha. Hakuna kazi nyingine. Jumatatu anayo, Jumatano anamnunulia rafiki soda, Alhamisi hana, Ijumaa anatembea kwa miguu akifikiria ile soda. Hakuna mwalimu anayefundisha hivyo kwa bei hiyo. Kila shilingi iliyoondoka ina kitu ilichonunua, na mtoto anaweza kukitaja. Kripto nayo huisha, tena kwa kasi, ila ikiisha kijana hawezi kutaja ilichonunua. Anataja bei ilikuwa ngapi jana, na anakuambia itarudi. Amekosa soda, na amekosa funzo la soda.

Iwapo umebadili mawazo

Mpe shilingi. Ziwe kiasi kile kile, siku ile ile ya wiki, na zikiisha usiongeze hadi siku hiyo irudi. Anayetaka kuweka akiba aweke kutoka humo humo, awe na sababu, na akiivunja akiba iwe ni kwa kununua kitu anachoweza kukishika. Akiendelea kuipenda kripto, mwache aisome, aichore, abishane nayo mezani; na akitimiza miaka 18 akajitafutie kitambulisho na akatumie uso wake na hela aliyoitolea jasho. Huenda akafanikiwa, na wewe ukawa wa kwanza kuomba arushiwe.

Iwapo hujabadili mawazo, rudi hatua ya pili. Kamera itakuomba uanze kugeukia kushoto.